Gari la Zamani Linachemsha: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Mfumo wa Maji, Kurudisha Thamostati na Kutoa Hewa

Gari linachemsha, unaongeza maji. Kesho linachemsha tena, fundi anang'oa thamostati (mlango mdogo unaofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto). Wiki inayofuata feni inaungwa moja kwa moja kwenye betri, mwezi ukiisha unanunua rejeta nyingine, na mwisho gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku, inaungua. Wenye magari ya miaka ya 1990 wengi wamepita humo, na wengi wamekwama palepale: kila kifaa kimebadilishwa peke yake, lakini mfumo mzima haujawahi kusafishwa, kujazwa na kutolewa hewa kwa mpangilio.

Mfano wetu ni Toyota Corolla za vizazi vya AE100 na AE110 zenye injini za 4A-FE na 5A-FE. Carina na Sprinter zenye injini hizohizo haziachani nazo sana. Kwa gari jingine la umri huo hatua zinabaki zilezile, namba ndizo zitakazobadilika.

Tenga nusu siku. Gari liwe limelala usiku kucha bila kuwashwa.

## Vitu vya kuandaa

Spea na vimiminika

- Thamostati mpya ya nyuzi joto 82, pamoja na mpira wake wa duara. Namba ya nyuzi huwa imegongwa kwenye chuma chenyewe. Isiyo na namba yoyote, irudishe dukani.
- Kifuniko cha rejeta chenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kiwandani, kwa kawaida 0.9 (kipimo cha shinikizo).
- Kulanti (kimiminika cha rangi cha kuchanganya na maji ya rejeta) isiyochanganywa, lita 3. Mfumo wa injini hizi hubeba kati ya lita 5 na 6 na kitu, kutegemea rejeta na aina ya giaboksi.
- Maji yaliyotoneshwa (distilled), lita 10. Sehemu yake ni ya suuzo la mwisho.
- Klipu nne za mipira mikubwa.
- Mpira wa juu na wa chini, ikiwa ya zamani imevimba, ina nyufa au imelainika karibu na klipu.

Tahadhari dukani: ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa vitu viwili tofauti. Kuna maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri, na kuna asidi ya kujazia betri mpya. Soma chupa. Asidi ikiingia kwenye rejeta ya aluminiamu, umeshanunua rejeta nyingine.

Vifaa

- Spana na soketi namba 10 na 12, bisibisi, plaizi
- Beseni la kukinga lita 6 au zaidi, faneli, mpira wa kumwagilia bustani
- Sufuria kuukuu, uzi, na kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 110 (cha homa kinaishia 42, kiache kabatini)
- Kitambaa kinene, glavu, tochi, msasa laini

## Hatua ya 1: Fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa

Shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa na uvuguvugu wowote, subiri.

Sababu ni hii: mfumo unafanya kazi chini ya shinikizo. Kifuniko cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka kwa takribani nyuzi 20, kwa hiyo maji yanaweza kuwa na nyuzi 110 yakiwa yametulia kabisa. Ukifungua, shinikizo linaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki usoni mwako.

Hata likiwa baridi, funika kwa kitambaa, zungusha hadi kituo cha kwanza, sikiliza kama kuna mlio wa hewa, ndipo ubonyeze na kumalizia.

Na likichemka njiani, usimwage maji baridi juu ya injini wala ndani yake. Hedi ya injini hizi ni aluminiamu na bloku ni chuma cha kusubu. Hedi yenye moto ikipozwa ghafla hupinda au hupasuka. Zima, fungua boneti, kaa kivulini dakika 45.

## Hatua ya 2: Pima gasketi ya hedi kabla ya kutumia hela

Hatua hii huchukua dakika kumi, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kama gasketi imeshaungua, kulanti mpya utaimwaga bure.

1. Jaza maji hadi shingoni mwa rejeta, kifuniko kikiwa wazi.
2. Washa injini, iache kwenye sailensa (izunguke bila kukanyaga mafuta), na tazama shingoni kwa tochi.
3. Viputo vichache mwanzoni ni hewa ya kawaida. Viputo visivyokoma, vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta kidogo, ni moshi wa silinda unaovuja kuingia kwenye maji.
4. Zima, funga kifuniko, washa tena na shika mpira wa juu. Ukikakamaa kama tairi ndani ya dakika moja, injini ikiwa bado baridi, hilo si shinikizo la joto.
5. Chomoa stiki ya oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake si ushahidi, hasa kwa gari linalotembea safari fupi za asubuhi.

Moshi mweupe alfajiri huko Mbeya au Limuru usikutishe, huo ni mvuke wa baridi. Moshi mweupe mchana, injini ikiwa ya moto, huku maji yanapungua, huo ndio wenyewe.

Dalili namba 3 au 4 ikithibitika, au oili ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, ishia hapa. Hedi inafunguliwa na kupimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kupinda kwa upande wa bloku kusizidi milimita 0.05. Fundi anayetaka kurudisha hedi bila kuipima, mwambie aache.

Umefaulu hapa kama maji yametulia shingoni na oili ni safi.

## Hatua ya 3: Mwaga, na usome kilichotoka

Weka beseni chini ya rejeta, fungua kikoki kidogo cha chini. Ni cha plastiki na kimezeeka kuliko unavyodhani: kizungushe kwa vidole tu. Kikigoma, kiache na uchomoe mpira wa chini. Kikoki kikikatikia ndani umejiongezea kazi ya siku nzima.

Kinachotoka kina maelezo yake. Rangi ya kutu maana yake ni miaka ya maji ya bomba bila kulanti. Matope ya kijani na nyekundu yaliyogandamana ni kulanti mbili zisizoelewana zilizochanganywa. Chembe za njano au vijiuzi ni unga wa kuziba mivujo, au bizari na yai lililovunjwa humo na mwenye gari aliyetangulia. Vitu hivyo huziba tundu linalovuja, na huziba pia mirija ya rejeta isiyovuja.

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye utamu. Paka, mbwa na watoto huvutiwa nayo. Usiiache kwenye beseni uani, na usiimwage kwenye mtaro.

## Hatua ya 4: Suuza kinyume na mkondo

Toa thamostati kwanza. Kwenye injini hizi fuata mpira wa chini kutoka rejeta hadi unapoishia kwenye injini. Thamostati imekaa ndani ya kifuniko hicho cha aluminiamu. Toa nati zake, spana namba 10. Kama ukikuta hakuna kitu ndani, umeshajua nusu ya ugonjwa.

Rudisha kifuniko kitupu kwa muda, kisha:

- Rejeta: ingiza maji ya bomba kwa mpira wa chini, yatokee juu. Kinyume na mkondo wa kawaida, uchafu ulioganda kwenye milango ya mirija husukumwa kurudi ulikotoka.
- Injini: ingiza maji kwa mpira wa juu, yatokee kwenye kifuniko cha thamostati.
- Hita: weka kitasa cha joto mwisho kabisa wa moto ili maji yapite humo pia. Ikiwa mipira ya hita imeungwa pamoja na kurukwa, sehemu hii haikuhusu.

Tumia presha ya kawaida ya bomba. Presha ya mashine ya kuoshea magari itapasua matangi ya plastiki ya rejeta iliyozeeka.

Usitie sabuni ya unga: povu lake halitoki kirahisi, na mabaki yake utayaona yakifurika siku ya kujaza. Usitie kabisa magadi makali ya kufungulia sinki, hayo hula aluminiamu. Kama unataka dawa, nunua ile ya kusafishia rejeta na ufuate muda ulioandikwa.

Kwa walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja: maji ya visima vingi yana chumvi. Unaweza kuanzia nayo ukikosa mengine, lakini suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, lita 4 hivi. Chumvi ikibaki ndani ya injini yenye hedi ya aluminiamu na bloku ya chuma, inaanza kula upande wa aluminiamu.

Pia tazama mapezi ya nje ya rejeta na ya kondensa ya AC iliyo mbele yake. Udongo na wadudu hujaa katikati ya hizo mbili, mahali pasipoonekana. Piga maji kwa upole kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Umefaulu hapa kama maji yanatoka meupe kwa dakika tatu mfululizo, na yanayoingia kwenye rejeta yanatoka kwa wingi uleule. Yakiingia kwa nguvu na kutoka kwa kuchuruzika, mirija imeziba. Rejeta hiyo haitaokolewa na kulanti.

## Hatua ya 5: Thamostati irudi mahali pake

Hapa ndipo penye ubishi, kwa hiyo tuende polepole.

Hoja ya kuitoa inasikika vizuri: "Huku kwetu kuna joto, haina kazi, inazuia maji." Kwenye injini hizi hoja hiyo ni kinyume. Thamostati ina milango miwili. Wa kwanza hufungua maji yaliyopozwa kutoka rejeta. Wa pili, ulio nyuma yake, huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya mkato iko wazi. Ikipata moto, mlango wa rejeta unafunguka na wa mkato unaziba.

Ukiing'oa, njia ya mkato haizibwi tena. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini na kurudi, haipozwi. Kwenye tambarare huwezi kujua. Panda Kitonga, au Mai Mahiu kuelekea Nairobi, AC ikiwa imewashwa na watu watano ndani, hapo utajua. Vitabu vya Toyota vya injini hizi vinaeleza wazi: usitoe thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Na kwenye tambarare, injini isiyofika joto lake inakula petroli zaidi, kwa sababu kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia asubuhi.

Ipime hata kama ni mpya. Feki ni nyingi, Kariakoo au Kirinyaga Road, na hazitofautiani kwa macho.

1. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini. Kipimajoto nacho kisiguse chini.
2. Pasha polepole, koroga.
3. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84.
4. Kufikia nyuzi 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Kwenye miinuko, ambako maji huchemka karibu na nyuzi hizo, pima yanapochemka.
5. Itoe, iache ipoe. Ijifunge kabisa, usione mwanga ukiielekeza juani.

Iliyofunguka nusu na kugota ndiyo mbaya kuliko zote, maana itakuchemshia siku moja na kukuachia siku tatu.

Kuifunga. Vika mpira wa duara kuzunguka ukingo wa thamostati. Ukingo uingie kwenye mfereji wa mpira pande zote mbili. Springi ielekee ndani ya injini. Kile kijipini kinachochezacheza ukingoni kikae juu kabisa, kama saa sita kamili ya ukutani. Kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza. Kikikaa chini, hewa inabaki nyuma ya mlango, na thamostati iliyo kwenye hewa haipati joto la maji kwa wakati.

Safisha uso wa kifuniko kwa msasa laini. Silikoni haihitajiki kama mpira ni mpya. Ukiijaza, inayobanwa kuelekea ndani hukatika vipande na kwenda kuziba rejeta uliyotoka kuisafisha. Kaza nati kwa zamu, Nm 10 hivi, yaani mkono mmoja kwenye spana fupi. Nati zilizokazwa kwa hasira hupasua kifuniko.

## Hatua ya 6: Mipira, klipu na kifuniko

Bonyeza mpira wa chini kwa vidole. Ukinywea kama karatasi, badilisha: kwenye mwendo kasi pampu huufyonza ukabanana na kufunga maji. Klipu ikae nyuma ya ule mgongo wa bomba, si juu yake.

Kifuniko cha rejeta kina kazi mbili. Mpira mkubwa unashika shinikizo. Vali ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa, ili maji yaliyokwenda kwenye tangi la akiba yarudi. Ivute kwa ukucha: ifunguke na ijirudie yenyewe. Usipachike 1.1 badala ya 0.9 ukidhani unaongeza nguvu; unaongeza mzigo kwa plastiki ya miaka 30.

Tangi la akiba likiwa limepotea, chupa ya maji ya kunywa inafanya kazi vilevile, mradi kijimpira kinachotoka shingoni mwa rejeta kiwe kimezama hadi chini ya maji. Kikining'inia hewani, kila usiku rejeta itavuta hewa.

## Hatua ya 7: Feni na mkanda

Kwenye Corolla hizi swichi ya joto ya feni imejengwa kinyume na wengi wanavyofikiri: saketi inafungwa injini ikiwa baridi, na inakatika ikifika nyuzi 93 hivi. Inapokatika, feni inawaka. Hivyo kipimo chake ni rahisi:

- Injini baridi, ufunguo ON, AC imezimwa: feni itulie.
- Chomoa soketi ya waya kwenye swichi hiyo: feni ianze kuzunguka papo hapo. Weka vidole mbali.

Ikizunguka ukichomoa, lakini haizunguki injini ikiwa ya moto, swichi imekufa. Isipozunguka hata ukichomoa, angalia fyuzi, kisha rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja. Usiichanganye swichi hii na sensa ya geji, ambayo ina waya wake.

Sasa weka kipande cha karatasi mbele ya rejeta feni ikizunguka. Kivutwe na kunata. Kikisukumwa, waya za mota zimegeuzwa na feni inapuliza kuelekea mbele, ikishindana na upepo wa barabarani. Hii hutokea mara nyingi mota ya mtumba inapofungwa haraka.

Feni iliyoungwa kwenye betri bila fyuzi ni moto unaosubiri siku yake. Ikiwa huna budi, pitisha kwenye rilei na fyuzi.

Mkanda: kwenye injini za 4A na 5A, mkanda wa alternata ndio unaozungusha pampu ya maji. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ushuke kama milimita 10. Ukilegea utasikia ukilia asubuhi, na joto litapanda pamoja na taa ya chaji. Tazama pia chini ya puli ya pampu: alama ya kutu au ya rangi ya kulanti inayochuruzika kutoka kwenye kijitundu inasema sili ya pampu imechoka.

## Hatua ya 8: Kujaza na kutoa hewa

Wengi hufanya yote yaliyotangulia vizuri, halafu wanajaza kwa dakika mbili na kuondoka. Hewa iliyobaki kwenye hedi haiondoi joto. Chuma kinachogusa hewa kinawaka moto huku geji ikisoma kawaida.

1. Egesha pua ya gari ikitazama juu ya mteremko, au inua mbele kwa jeki na stendi. Shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kuliko zote. Weka breki ya mkono na mawe nyuma ya tairi.
2. Kitasa cha hita kiwe kwenye moto, feni ya ndani ikiwa imezimwa.
3. Mimina kulanti isiyochanganywa kwanza, nusu ya ujazo wa mfumo: kwa lita 6, mimina 3. Usiichanganye pembeni kwanza. Ndani ya bloku bado kuna maji ya suuzo zaidi ya lita moja, na ukimimina iliyochanganywa tayari utaishia na mchanganyiko hafifu.
4. Malizia kwa maji yaliyotoneshwa, polepole, kama nusu lita kwa dakika. Kila baada ya nusu lita, minya mpira wa juu mara kumi. Utasikia mlio wa kububujika na kuona maji yakishuka.
5. Maji yakikaa shingoni bila kushuka, washa injini, kifuniko kikiwa wazi. Iache kwenye sailensa, usipige resi.
6. Tazama. Viputo vitatoka, maji yatapanda kidogo. Baada ya dakika 10 hadi 15 kiwango kitashuka ghafla, wakati mwingine robo lita kwa mkupuo. Hapo thamostati imefunguka. Ongeza.
7. Shika mpira wa chini, mbali na feni. Thamostati ya injini hizi iko upande wa kuingilia, hivyo mpira wa juu hupata moto mapema na hauthibitishi kitu. Mpira wa chini ukitoka baridi na kuwa moto, maji yanazunguka.
8. Jaza hadi shingoni, funga kifuniko. Iache injini hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili.
9. Jaza tangi la akiba hadi mstari wa FULL.

Kwa walio kwenye miinuko: Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, maji matupu huchemka karibu na nyuzi 94, nyuzi moja tu juu ya joto la kuwasha feni. Kulanti ya nusu kwa nusu inapandisha kiwango hicho nyuzi chache. Ndiyo maana kifuniko kinafungwa mara tu mpira wa chini unapopata moto. Ukisubiri feni iwake kifuniko kikiwa wazi, maji yanaweza kufurika kabla yake, na utalaumu gasketi isiyo na kosa.

Umefaulu hapa kama feni imewaka na kuzima yenyewe, hita inatoa joto la kweli, na mshale umetulia chini kidogo ya katikati.

## Hatua ya 9: Majaribio, siku saba

Siku ya kwanza zunguka karibu na nyumbani kama kilomita 10, ikiwamo foleni kidogo. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko: rejeta ijae hadi shingoni na tangi liwe limeshuka kidogo. Kuongeza robo lita siku ya kwanza na ya pili ni kawaida, hewa ya mwisho inatoka. Kuanzia siku ya tatu kiwango kisibadilike.

Tangi likijaa huku rejeta inapungua, shuku vali ya kifuniko au kijimpira cha tangi chenye ufa. Vikiwa vizima, rudia hatua ya 2.

Usiutegemee sana mshale. Geji nyingi za Toyota za wakati ule hukaa palepale kwenye joto la kawaida na hupanda mambo yakiwa yameshaharibika. La hatari zaidi ni kinyume chake: maji yakivuja yote, sensa inabaki hewani na mshale unashuka. Mshale ukianguka ghafla barabarani, au hita ya moto ikaanza kupuliza baridi, simama papo hapo.

## Bado linachemsha?

- Foleni tu, barabarani liko sawa: feni, mwelekeo wake, au kava la plastiki linalozunguka feni halipo.
- Mwendo kasi na milima tu, foleni liko sawa: mirija ya rejeta imeziba, au mpira wa chini unanywea.
- AC ikiwashwa tu: feni ya kondensa haiwaki, au mapezi yamejaa uchafu katikati.
- Mshale unapanda na kushuka wenyewe: bado kuna hewa. Rudia hatua ya 8.
- Maji yanapungua, chini pakavu: paka poda ya watoto kwenye maungio usiku, asubuhi utaona mfereji wa tone. Zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wa kunata wenye harufu tamu, hita ya ndani inavuja.
- Kila kitu ni kizima na bado: tajiriba ya karakana nyingi inaonyesha mapanga ya pampu. Ya chuma chembamba huliwa na kutu. Mkanda unazungusha shafti, maji hayasukumwi. Pampu ifunguliwe na kutazamwa kwa macho.

Kulanti ya aina ya zamani, nyekundu au kijani, ibadilishe kila miaka 2 au kilomita 40,000, chochote kitakachotangulia. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha plasta, ukibandike ubavuni mwa tangi la akiba. Mwaka ujao hutakumbuka, na fundi naye hatakumbuka.